Ndege Wanakuja Kwako

Tamar alikuja Idsowe, kijijini kwao, kwa wiki mbili. Hivyo ndivyo alivyowaaga wateja wake kule Malindi, alikokuwa na kibanda cha chakula: wiki mbili tu jamani, baba kaanguka, nikamwone, narudi. Sufuria aliziacha zimefunikwa. Sasa ni mwaka wa nne. Kibandani kuna kijana anatengeneza simu, sufuria Mungu ndiye ajuaye ziliko, na Tamar bado yuko Idsowe anamgeuza mzee ubavu huu, anamgeuza ubavu ule.

Babake, Mzee Jilo, alipigwa na kiharusi asubuhi akivaa kiatu. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao. Yote. Jina la binti yake, jina la marehemu mkewe, hata "maji" na "hapana". Kilichobaki kinywani mwake ni kitu kimoja tu, na hicho nacho, aki ya Mungu, afadhali kingefuata vyenzake. Kilibaki kile kilio cha kuamia ndege.

Kwa asiyejua kazi ya mpunga, nieleze. Mpunga ukianza kutia maziwa, mtu wa mtoni hana arusi wala kanisa. Anapanda juu ya dungu lake, kile kitanda cha miti kilichosimamishwa katikati ya shamba, na hapo atakaa tangu kupambazuka hadi jua lizame, akiwafukuza vindege ambao wakitua kwa nusu saa wanakuachia majani matupu. Sasa, ndege ukiwafukuza kwako hawaendi mbinguni. Wanakwenda kwa jirani. Kwa hiyo kuna adabu yake: ukishawarusha, unapaza sauti ndefu, "Hoyeeee-wee!", yaani angalia, ndege wanakuja kwako. Na jirani sharti ajibu, "Ninaaao!" Asipojibu huachi. Utaita tena na tena mpaka ajibu, kwa sababu kumwachia mwenzako ndege bila kumwambia ni uadui, na watu wamenuniana miaka kwa jambo hilo.

Lakini mwito huo ni wa shambani. Nyumbani hauitwi. Ukiuita nyumbani unaiita njaa, na atakayejibu ndiye anayeikaribisha ndani na kuipa kiti. Hakuna mtoto wa Idsowe asiyelijua hilo. Tamar na nduguye Jasper walilijua kwa fimbo, maana siku moja utotoni walicheza kuitana ndege uani, na aliyewachapa ni huyo huyo Mzee Jilo.

Na huyo huyo Mzee Jilo ndiye sasa aliyelala chumbani akiita kutwa nzima. "Hoyeeee-wee!" Hakuna aliyemjibu. Ataanzaje? Majirani waliopita njiani walitikisa kichwa wakaharakisha. Tamar alichukulia kuwa ni kilio tu, kama cha mtoto mchanga, na cha mtoto mchanga unajua: maji, chakula, au amejichafua. Akiita, Tamar analeta maji. Akiita tena, uji. Akiita tena, anafungua pampasi, anakuta pakavu, anafunga. Anamgeuza. Anamkanda mguu. Anarudi jikoni, hajaketi vizuri, "Hoyeeee-wee!" Miaka minne, jamani. Mwanamke alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni.

Kuna siku alikuwa akimwosha huku moyoni anasema, ufe basi baba, ufe tupumzike sote wawili. Halafu haya zikamshika, akamsugua mgongo polepole zaidi, akampaka mafuta hata mahali pasipohitaji mafuta.

Si kwamba mzee hana watoto wengine. Wapo. Kuna Charity, yuko Nairobi, na kuna Jasper, yuko Mombasa, kazi nzuri ya ofisini, makontena. Na kuna grupu kwenye simu, inaitwa Familia ya Mzee Jilo, ina picha ya mzee amevaa suti. Mwaka wa kwanza Jasper alituma pesa kila mwezi, haki yake asinyimwe. Mwaka wa pili alituma alipokumbushwa. Kisha ikawa, "Dada, mwezi huu nimebanwa," na miezi yote ikawa mwezi huu. Charity yeye alituma viganja vya maombi, vile vya picha kwenye simu. Viganja hivyo duka la dawa la Garsen hawavipokei, Tamar aliuliza kwa mzaha na muuzaji akacheka sana.

Dawa za presha zikawa zinatoka kwenye mpunga. Pampasi kwenye mpunga. Sabuni, uji, nauli ya boda kwenda hospitali, mpunga. Na mpunga wenyewe msimu uliopita uliliwa, kwa sababu mwenye kuulinda alikuwa ndani akipeleka maji kwa mtu asiye na kiu.

Lakini nataka nisieleweke vibaya. Tamar hakulilia pesa. Kabla ya Pasaka aliandika kwenye grupu, na aliandika mara moja tu: "Sitaki pesa. Naomba zamu. Mmoja wenu amchukue baba mwezi mmoja, nilale." Wote wakasoma, alama zilionekana. Charity akaleta viganja vyake. Jasper akaandika, "Tutaongea dada." Mpunga ulipandwa, ukapaliziwa, ukabeba masuke, na hayo maongezi bado yalikuwa njiani yanakuja.

Masuke yalipoanza kutia maziwa, Tamar alisimama mlangoni akapiga hesabu zake. Kukaa na mzee, ndege wale. Kwenda shambani, mzee abaki peke yake. Kumlipa mtu, kwa pesa gani? Akaenda kanisani akaazima wilbaro ya ujenzi, akatandika godoro la mtoto, akambeba babake mikononi, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha mwepesi, akampakia, akamfunika kichwa kwa kanga, akaanza kusukuma kuelekea mtoni.

Shamba la jirani ni la Menza, mama mtu mzima mwenye mdomo. Alikuwa juu ya dungu lake tayari.

"We Tamar! Hiyo ni simiti ama ni mzee?"

"Ni mzee, mama. Simiti ingenyamaza."

"Haya, msalimie! Mwambie asinitongoze, mimi leo niko kazini."

Tamar alimlaza mzee kivulini chini ya dungu, akamwegemeza kwenye mto, akamnywesha maji. Kisha akapanda. Hata hajakaa sawa, wingu la kwanza la ndege likashuka upande wa mto. Akapiga debe, akarusha donge la udongo kwa kombeo, akapiga kelele, ndege wakainuka pamoja wakageukia kwa Menza. Tamar akavuta pumzi ili aite.

Akatanguliwa. Kutoka chini, kati ya miguu ya dungu, ukatoka mwito mrefu, sauti ya zamani kabisa, sauti ya mwanamume mwenye mapafu yake yote mawili.

"Hoyeeee-wee!"

Na Menza hakufikiri. Mtu wa shamba hafikirii jambo hilo, kinywa chenyewe kinajua. "Ninaaao!"



Tamar alingoja mwito wa pili. Haukuja. Akangoja tena. Ndege walikuwa wamerudi pembeni wanatua, naye hakuwatazama, aliteremka dungu haraka mpaka akachubuka goti, akijua moja kwa moja kwamba babake amekufa. Akamkuta amelala. Uso umelegea, mdomo wazi, mkono ule mzima umefunguka juu ya kifua. Huyu mtu aliyekuwa akilala kwa vipande vipande, robo saa hapa na robo saa pale, alikuwa anakoroma saa mbili asubuhi.

"Kuna nini huko?" Menza akauliza kwa sauti. "Mzee yu salama?"

"Amelala!"

Menza akalipima lile neno. Halafu akapiga kofi paja lake. "Uwii! Kumbe alikuwa anataka jibu tu!"

Tamar aliketi pale pale kwenye tope. Alicheka kwanza. Kisha hasira zikamjia, hasira hasa, akang'oa nyasi kwa mikono miwili akizitupa. Miaka minne amepeleka maji. Miaka minne amepeleka uji, amekanda miguu, amefungua nguo za mtu aliye mkavu, na mzee alikuwa anasema jambo moja lililo wazi ambalo hata mtoto wa hapa analielewa: nimemaliza yangu, pokeeni. Mgeni kutoka bara, asiyejua ndege wala mwiko, angemjibu siku ya kwanza kwa neno lolote tu. Wao walioujua mwito ndio waliofunga vinywa. Tamar alilia mpaka Menza akaja kumwamia ndege wake bila kuombwa.

Jioni ile nyumbani mzee aliita. Tamar alisimama na kibuyu mkononi, akaangalia mlango kana kwamba babake yule wa zamani ataingia na fimbo. Akafikiri, njaa gani hiyo ambayo haijaingia humu bado? Akajibu, kwa sauti ndogo: "Ninao, baba." Mzee akafumba macho. Usiku ule walilala wote wawili, na asubuhi Tamar aliamka na alama za mkeka shavuni, kitu ambacho alikuwa amekisahau.

Wakaendelea hivyo. Kila siku wilbaro, kila siku dungu. Mzee akiita, mashamba yanajibu, Menza upande huu na Isaac wa kina mama Rhoda upande ule, na kuna wakati wao ndio waliomwita yeye naye akageuza kichwa kusikiliza. Mpunga ukajaa. Tamar akaanza kunawiri kidogo usoni.

Kisha mtu wa kanisani, aliyekuja kuulizia wilbaro yake, akapiga picha. Mzee Jilo amelala kwenye wilbaro, kanga kichwani, miguu inaning'inia, nyuma yake dungu na debe. Sijui ilipitia wapi, lakini jioni ilikuwa kwenye grupu ya familia, na ile grupu iliyokuwa imelala ikaamka na miguu yote. Charity aliandika maneno, si viganja. Jasper alipiga simu, Tamar hakusikia, alikuwa akipiga debe. Jumamosi Jasper mwenyewe akatokea na gari, akaliacha barabarani akashuka shambani na viatu vya ngozi.

"Dada, umemfanya baba kinyago cha kutishia ndege?"

"Karibu, Jasper. Mwamkie baba kwanza."

"Watu wananicheka mpaka kazini! Mzee mgonjwa, kwenye wilbaro, juani!"

"Kivulini."

"Kama umeshindwa si ungesema?"

Hapo Menza kule juu ya dungu lake alikohoa, kikohozi kirefu kisicho cha homa. Tamar alimtazama nduguye. Alikuwa na maneno ya miaka minne, ameyapanga usiku mwingi. Akajikuta hana nguvu hata ya kuyasema.

"Mchukue," akasema.

 Jasper alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakujiandaa kwa hilo.

Tamar alifunga dawa kwenye mfuko, hizi za asubuhi, hizi za jioni. Akamwonyesha jinsi ya kumgeuza, jinsi ya kumlisha kwa upande ule mzima asije akapaliwa. Walipomweka kwenye kiti cha nyuma, akamshika nduguye mkono. "Na akiita, mjibu. Sema ninao. Atatulia."

Jasper akatazama huku na huku. "Nyumbani? Dada, mwenyewe alituchapa kwa hilo."

"Najua. Wewe jibu tu."

"Umechoka, dada," Jasper akasema kwa huruma, huruma ile inayokera.

"Nimechoka, ndiyo. Lakini jibu."

Gari likaondoka. Tamar alilala siku ile mchana kweupe, mlango wazi, na Menza akamlindia shamba. Alipoamka aliogopa ule ukimya. Akaingia chumba cha mzee akakunja mashuka, akayakunjua, akayakunja tena. Hakujua mikono aiweke wapi.

Simu ililia Jumatatu asubuhi, naye yuko juu ya dungu.

"Dada, hajanyamaza tangu tufike. Jirani wa juu amekuja kugonga. Mwenye nyumba amekuja. Anataka nini huyu?"

"Umemjibu?"

"Nitamjibuje? Hapa ni fleti, watu wanatusikia ukutani! Nipige kelele za ndege hapa Mombasa? Watoto wananitazama."

Nyuma ya sauti yake mwito ulisikika, umekauka, umepasuka.  "Niwekee simu sikioni kwake," Tamar akasema. Akasimama juu ya dungu, akaitupa sauti yake yote ndani ya kile kisimu. "Ninaaao!" Na Menza, asiyejua lolote, akageuka kutafuta ndege.

Mombasa kukatulia. Jasper akarudi kwenye simu akihema. "Umemwambia nini?"

"Nilichokwambia useme wewe."

Unadhani alijifunza? Aa, wapi. Alijifunza kupiga simu. Akapiga adhuhuri, akapiga alasiri. Kesho yake akapiga Tamar akiwa anakula, akapiga akiwa amejisitiri nyuma ya migomba. "Dada, mjibu kidogo." Na Tamar anajibu, sauti inakauka, chaji inakwisha, anampelekea Menza simu ikachajiwe kwake. Mzee amekwenda Mombasa, kazi imebaki Idsowe. Jioni moja akaiangalia ile simu mkononi akaona kwamba hajawahi kupewa zamu hata ya siku moja.

Siku ya kuvuna ilipofika, aliizima. Akaifunga kwenye leso, akaitia ndani ya mtungi wa unga, akashika kisu akaingia mpungani na Menza na wanawake wengine. Walivuna siku ile, na siku zilizofuata, wakapura, wakapepeta. Ulikuwa mpunga mwingi, mzito, wenye kutosha dawa na zaidi kidogo. Tamar hakufurahi kama alivyodhani atafurahi. Alikuwa akisikiliza.

Gari lilikuja asubuhi, magunia bado yako uani. Jasper alishuka na macho mekundu, ndevu zimeota, shati limepigwa pasi upande mmoja.

"Umezima simu."

"Nilikuwa navuna."

"Nimejaribu, dada. Mungu anajua nimejaribu." Alimbeba mzee mwenyewe, na hilo Tamar aliliona, alimbeba vizuri, kichwa kimeegemea begani kama alivyofundishwa. Akamkalisha kwenye kiti cha mkono pale barazani. Akashusha godoro. Akashusha dawa. Akaweka bahasha juu ya gunia, akaigusa mara mbili ionekane. "Nitakuwa natuma. Safari hii kweli. Sasa wacha nikimbie, saa nane natakiwa kazini."

Hata chai hakungoja. Akaingia ndani ya gari, akawasha.

"Hoyeeee-wee!"

Mzee Jilo alikuwa ametazama garini. Labda halina maana. Mtu aliyeita miaka minne ataita tu, awe anatazama gari au ukuta. Lakini alikuwa ametazama garini, na ule mkono mzima ulikuwa umeinuka kutoka pajani.

Jasper akangoja. Akamtazama dadake kupitia dirishani.

Tamar alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa limefika mpaka kwenye meno, mwili wote ulishazoea kulitoa. Akaliuma. Ilikuwa kazi nzito kuliko kumgeuza mzee, kuliko kusukuma wilbaro kwenye tope. Akakaa chini juu ya gunia la mpunga, akakunja mikono.

"Hoyeeee-wee!"

"Dada, mjibu basi."

"Siitwi mimi."

Majirani walikuwa wametoka. Menza alisimama kwenye kona ya nyumba, kinywa kinamwasha, akakifunika kwa ncha ya leso. Mzee akaita tena. Sauti ilikuwa inakatika sasa, na katikati ya mwito alipaliwa, akakohoa, machozi yakamtoka, akaanza upya kutoka mwanzo. Hakuna aliyemkaribia. Tamar alikuwa akilia waziwazi bila kujifuta, na bado hakujibu.

Jasper akashusha kichwa kwenye usukani.  Kisha akazima gari.

Akashuka. Akasimama mbele ya babake na viatu vyake vya ngozi, mtu mzima mwenye ofisi, akatazama mlango wa nyumba kama mtoto anayetarajia fimbo. Alipojibu mara ya kwanza hata kuku hawakusikia. Mzee akaita. Jasper akajaza mapafu.

"Ninaaao!" akaita. "Ninao, baba! Ninao!"

Mkono wa mzee ukashuka pajani.

Uani kuku walikuwa wakichakura makapi. Jasper akatoa simu mfukoni, akaitazama, akamtazama dadake. "Anakunywa uji saa ngapi?" akauliza.

"Uko jikoni," Tamar akasema. "Haujapoa."

Akanyanyuka kwenye gunia, akapita kati yao, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Alilala na viatu.